Kanzu ya Mtawa na Ulimi wa Wageorgia

Wako watu wanenao kwamba taifa la Wageorgia lilizaliwa katika nyumba za watawa, likanyonyeshwa na watawa, na kwa hiyo ni mali yao hata leo. Asiyeinama mbele ya msalaba wao si Mgeorgia kamili. Wako na wengine, wajionao kuwa wasomi zaidi, wanenao kinyume: ati mtawa ni mtu aliyeupa ulimwengu kisogo, hana taifa wala jirani, na Wageorgia hawakuwa taifa mpaka magazeti, benki na shule za karne ya 19 zilipowafanya kuwa hivyo. Madai haya mawili hushindana kila siku, na kila moja huishi kwa udhaifu wa mwenziwe. Lakini yote mawili yamesimama juu ya kosa moja. Yote hutazama kanzu aliyoivaa mtu, yasitazame kazi iliyokuwa mikononi mwake.

Nchi inayojadiliwa iko kusini ya milima ya Caucasus, kando ya Bahari Nyeusi. Lugha yake haina udugu na Kirusi, wala Kituruki, wala Kiajemi, wala Kiarabu, nayo ina hati yake yenyewe. Wajemi, Warumi wa Constantinople, Waarabu, Waturuki, Wamongolia na Warusi wote wamepita juu yake kwa zamu, na kila mmoja alikuja na lugha ya kuamrishia. Ukristo uliingia katika nyumba ya mfalme wa Kartli, upande wa mashariki wa nchi hiyo, katika karne ya 4. Na watawa hawakukawia kufuata.

Sasa, yule asemaye kwamba mtawa hana taifa na aeleze sakafu ya Bir el Qutt. Mahali hapo ni karibu na Bethlehemu, katika Palestina. Mwaka 1952 na 1953 Padre Virgilio Corbo alifukua hapo magofu ya nyumba ya watawa, na katika sakafu yake ya vijiwe vya rangi yakaonekana maandishi ya Kigeorgia ya karne ya 5. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayojulikana katika lugha hiyo. Yale ya kanisa la Bolnisi, ndani ya Georgia yenyewe, ni ya miaka ya 490. Watu waliotoka kwao safari ya miezi, walioapa kuacha baba, mama, mashamba na hata majina yao, walipofika nyikani kati ya Wagiriki na Washami waliandika sala zao kwa lugha ya mama waliyemwacha. Waliacha vyote isipokuwa hicho. Ikiwa huko ndiko kuupa ulimwengu kisogo, basi kisogo hicho kilikuwa na masikio.

Waarabu walipokwisha kuketi Tbilisi, nguvu ya utawa ilihamia kusini-magharibi, katika milima ya Tao na Klarjeti, ambayo leo imo katika Uturuki. Huko Grigol wa Khandzta, aliyezaliwa mwaka 759 na kufa mwaka 861, alijenga na kufufua nyumba nyingi za watawa, akazitia kanuni na vitabu. Mwaka 951 mtawa mwingine, Giorgi Merchule, aliandika maisha yake. Katikati ya habari za saumu na miujiza, Merchule aliweka maelezo mafupi ya nchi iitwayo Kartli: akasema kwamba Kartli huhesabiwa kuwa ni nchi yote ambamo ibada huadhimishwa na sala husaliwa kwa Kigeorgia. Wakati ule hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi hiyo. Vijitawala vyake vilikuwa vikitegana na kutekana. Muungano ulikuja mwaka 1008, chini ya Bagrat wa Tatu. Mtawa aliichora ramani zaidi ya miaka hamsini kabla ya mfalme kuipata, na mpaka alioutumia haukuwa mto wala mlima wala ukoo wa watawala. Ulikuwa ni sauti ya watu wasomao pamoja. Hati ya kitabu hicho nayo ilikuwa imehifadhiwa mbali, Yerusalemu, hata Niko Marr alipoigundua mwaka 1902 na kuichapisha mwaka 1911.

Katika karne hiyo hiyo ya 10, huko Sinai, mtawa aliyeitwa Ioane-Zosime alikuwa akinakili vitabu. Yeye huhesabiwa kuwa ndiye mwenye utenzi wa kusifu Kigeorgia, ambamo lugha hiyo hufananishwa na Lazaro: imelala, lakini siku ya mwisho itainuka. Ni kilio cha mtu aliyekaa kati ya Wagiriki wenye kuidharau lugha yake. Msomaji atakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kuhitaji kuandika kwamba Kigiriki kitafufuka.

Lakini shahidi mkubwa kuliko wote ni mlima wa Athos. Mwaka 979 jemadari Mgeorgia, Tornike, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa kanzu ya utawa, aliombwa na jumba la Constantinople kurudi vitani ili kumvunja muasi Bardas Skleros. Alimvunja, akarudi Athos na ngawira nyingi, na kwa mali hiyo ikajengwa nyumba ya watawa wa Kigeorgia iitwayo Iviron. Hapo Ekvtime, aliyekufa mwaka 1028, alitafsiri kutoka Kigiriki vitabu vya sala, vya sheria na vya mababa wa kanisa, kwa wingi ambao mtu mmoja huweza kuufanya tu ikiwa halali vizuri. Aliyeandika habari zake asema jambo ambalo wapenzi wa asili safi hulipita haraka: Ekvtime alikulia Constantinople, na Kigeorgia chake kilikuwa kigumu na chenye kukwama, mpaka alipougua karibu na kufa na Bibi Mariamu akamtokea, tangu hapo maneno yakamtoka kama maji ya chemchemi. Anayependa muujiza na aupokee. Asiyependa hataacha kuona kilichomo ndani yake: baba mkuu wa nathari ya Kigeorgia alikuwa mtoto wa ugenini, aliyejifunza lugha ya kwao akiwa tayari anajua ya wengine.

Tena haikuwa njia ya upande mmoja. Ekvtime alitafsiri pia kutoka Kigeorgia kwenda Kigiriki, na wanazuoni wengi wamwona kuwa ndiye aliyewapa Wagiriki kisa cha Barlaam na Yosafati. Kisa hicho chimbuko lake ni habari za Buda wa Bara Hindi. Kilipita kwa Waarabu kwa jina la Bilawhar, Wageorgia wakakipokea kutoka kwa Waarabu, Wagiriki wakakipokea kutoka kwa Wageorgia, na Walatini kutoka kwa Wagiriki, hata Ulaya nzima ikamfanya Buda kuwa mtakatifu wa Kikristo bila kujua. Wale wasemao kwamba nyumba ya watawa ilikuwa ngome ya kuzuia mambo ya kigeni hawajaitazama milango yake.

Haki yataka isemwe kwamba ilikuwako milango iliyofungwa pia. Mwaka 1083 jemadari Grigol Bakurianisdze alianzisha nyumba ya watawa huko Petritsoni, katika nchi ambayo leo ni Bulgaria, akaandika katika kanuni zake kwamba Mgiriki asipokewe kuwa mtawa humo, isipokuwa mwandishi mmoja wa kuandika barua kwa wakubwa. Hofu yake haikuwa ya bure. Iviron yenyewe, katika karne ya 14, iliangukia mikononi mwa Wagiriki, na Wageorgia wakawa wageni katika nyumba yao. Walakini pimo la nyumba hizi mbili limo katika matunda yake: Athos iliyochanganyika na watu iliilisha lugha kwa karne nyingi, na makufuli ya Petritsoni hayakumzuia Mgiriki asiingie baadaye.

Giorgi wa Athos, aliyekufa mwaka 1065, aliiendeleza kazi ya Ekvtime, akasahihisha tafsiri za kale na kuzipatanisha na asili yake. Ndiye aliyesimama Antiokia mbele ya Patriarki aliyetaka kanisa la Georgia liwe chini yake kwa hoja kwamba hakuna mtume aliyelihubiri. Giorgi aliomba kiletwe kitabu cha safari za Andrea, kikasomwa hapo hapo, na shauri likaisha. Mpaka wa taifa ulilindwa siku ile na mtu aliyejua kitabu kiko wapi na ukurasa upi.

Habari za mfalme Davit Mjenzi, aliyetawala kuanzia mwaka 1089 hata 1125, zajulikana zaidi, na haifai kuzirefusha. Alimfanya mtawa Giorgi wa Chqondidi kuwa mkuu wa waandishi na mshauri wake wa kwanza, mwaka 1106 akaanzisha Gelati, mwaka 1121 akashinda vita vya Didgori, na mwaka uliofuata akauteka Tbilisi kwa upanga. Lakini liko jambo moja la kushika. Mwanahistoria Mwislamu al-Fariqi, aliyefika Tbilisi katika karne hiyo, aliandika kwamba Davit aliwapa Waislamu wa mji ahadi, na moja ya ahadi hizo ni kwamba nguruwe wasichinjwe mjini mwao. Na mwandishi huyo alimwona kwa macho yake mfalme Demetre, mwana wa Davit, akiketi msikitini siku ya Ijumaa kumsikiliza khatibu. Wafalme hawa ndio wajengao Gelati. Jambo hili litarudi.

Zama zilizofuata zilikuwa za Wamongolia, Waturuki na Wajemi, na kupita upesi juu yake si kuzidharau. Katika giza lake huonekana taa mbili. Ya kwanza ni Antim, Mgeorgia aliyetekwa, akawa mtawa na mpiga chapa, na mwishowe askofu mkuu wa Wallachia, katika Romania ya leo. Mwaka 1701 alipiga chapa kitabu cha ibada kwa Kigiriki na Kiarabu kwa ajili ya Wakristo wa Shamu. Na kwa msaada wake mfalme Vakhtang wa Sita alipata mtambo wa kwanza wa kupiga chapa mjini Tbilisi, mwaka 1709. Ya pili ni Sulkhan Orbeliani, aliyeingia utawa katika nyikani za Davit Gareja mwaka 1698 akaitwa Saba. Huyu aliwaandikia Wageorgia kamusi ya lugha yao, kazi ya miaka mingi, ambayo wanafunzi wa lugha hawajaacha kuitumia. Wenye kupima Ugeorgia kwa usafi wa madhehebu hawana budi kuukumbuka msiba wao: Saba aliifuata imani ya Roma. Alisafiri mpaka kwa Mfalme Louis wa Kumi na Nne na kwa Papa kutafuta msaada kwa nchi yake, akarudi mikono mitupu, akafa Moscow mwaka 1725. Kamusi haikuuliza alisali wapi.

Mwaka 1801 Urusi ilimeza ufalme wa mashariki. Mwaka 1811 ililifuta kanisa huru la Georgia, ikaweka juu yake mwakilishi aliyeitwa eksarka, na kuanzia mwaka 1817 eksarka alikuwa Mrusi. Hapa madai ya kwanza, yale ya kanzu, hupata ushahidi wake mzuri. Watu wa Imereti na Guria waliondoka dhidi ya eksarka Feofilakt mwaka 1819, na mwaka 1820 maaskofu wawili wazee, Dositeos wa Kutaisi na Ekvtime wa Gelati, walikamatwa usiku, wakavikwa magunia vichwani na kupelekwa Urusi. Dositeos alikufa njiani. Hakuna mtu mwenye moyo awezaye kulisoma hilo kwa upesi.

Lakini kanzu ile ile ilivaliwa na yule aliyewatia magunia. Eksarka naye alikuwa mtawa. Seminari ya Tbilisi ilikuwa mikononi mwa kanisa, na humo Kigeorgia kilifukuzwa darasani na kijana aliadhibiwa kwa kukinena. Mwaka 1886 mwanafunzi aliyefukuzwa alimwua mkuu wa seminari. Na eksarka Pavel, kama ilivyoenea siku zile, akalilaani taifa lililozaa mwuaji. Dimitri Kipiani, mzee wa makamo na kiongozi wa makabaila wa Kutaisi, alimwandikia kwamba ikiwa habari ni kweli na aondoke katika nchi aliyoilaani. Kipiani ndiye aliyeondolewa. Alihamishwa Stavropol, akauawa huko mwaka 1887. Katika kisa hiki mtawa yuko upande wa dola, na raia asiye na kanzu ndiye aliyesimama mahali pa Giorgi wa Athos. Nani basi ni mrithi wa nani?

Jibu la swali hilo ni Ilia Chavchavadze, na juu ya jina lake ugomvi wote umesimama. Alikuwa kabaila, mwanasheria kwa elimu, mshairi, mwanzilishi wa gazeti la Iveria mwaka 1877, mkuu wa benki ya ardhi, na mmoja wa waanzilishi wa chama cha kueneza kusoma na kuandika kati ya Wageorgia, mwaka 1879. Vita vyake vya kwanza, mwaka 1861, vilikuwa vita vya lugha. Na adui yake alikuwa ni nani? Alikuwa ni mtindo mzito wa maandishi uliowekwa na Katolikosi Anton wa Kwanza katika karne ya 18, mkuu wa kanisa na mtunga sarufi, ambaye alitaka mambo makubwa yaandikwe kwa lugha asiyoielewa mtu wa sokoni. Ilia alitaka lugha ya vitabu irudi midomoni mwa watu. Wazee walimwita mwasi. Kwa kweli alifanya walichofanya Ekvtime na Giorgi, waliotafsiri ili watu waelewe; na waliomshutumu kwa jina la mababa walikuwa wakilinda kosa la juzi wakidhani ni urithi wa kale.

Tena Ilia alikwenda mahali ambapo Merchule hakufika. Maelezo ya mwaka 951 yana pande mbili zilizofungwa pamoja, lugha na ibada ya kanisa. Asiyekuwa na ibada ile hamo ndani. Kwa karne tatu Wageorgia wa Adjara, kando ya bahari, walikuwa chini ya Waturuki, na wengi wao wakawa Waislamu, ilhali lugha yao ikabaki Kigeorgia. Mwaka 1877, vita vya Urusi na Uturuki vilipokuwa vikiwaka na Adjara ikikaribia kurudi, Ilia aliandika makala juu ya Georgia ya Waturuki. Alidai humo kwamba tofauti ya dini isiwatishe Wageorgia, kwamba kinachofunga watu kuliko vyote ni historia waliyopitia pamoja, na kwamba ndugu hao wapokewe bila imani yao kuguswa. Huyu ndiye aliyekuwa amezitaja hazina tatu za mababa kuwa ni nchi, lugha na imani. Alipolazimika kuchagua kati ya hazina ya tatu na ndugu zake, alichagua ndugu. Na miongoni mwao alitoka Memed Abashidze, Mwislamu, mwandishi na mtetezi wa Adjara kuwa sehemu ya Georgia, aliyepigwa risasi na serikali ya Stalin mwaka 1937.

Ilia aliuawa njiani, Tsitsamuri, mwaka 1907. Mwaka 1987 kanisa la Georgia lilimtangaza kuwa mtakatifu. Hapana anayelinyima kanisa haki ya kuwaheshimu wafu wake. Nalo kanisa lilikuwa limelipa deni lake la damu: Katolikosi Kirion wa Pili alikutwa ameuawa katika nyumba ya watawa ya Martqopi mwaka 1918, na Katolikosi Ambrosi alitiwa gerezani kwa kuupelekea mkutano wa Genoa, mwaka 1922, malalamiko juu ya kutekwa kwa nchi yake na Jeshi Jekundu. Lakini kumvika mtu kanzu baada ya kufa huleta hatari yake. Mwenye benki na gazeti, aliyepigana na lugha ya Katolikosi na kuwafungulia Waislamu mlango, sasa huchorwa na nuru kichwani, na maneno yake ya mwaka 1877 husomwa na wachache. Vivyo hivyo kwa Ekvtime Takaishvili, mwanahistoria asiye mtawa, aliyezichukua hazina za makanisa na za makumbusho hata Ufaransa mwaka 1921, akazilinda katika umaskini bila kuuza hata kipande, akazirudisha mwaka 1945. Naye alifanywa mtakatifu mwaka 2002. Ni kana kwamba hakuna wema uwezao kubaki mikononi mwa raia.

Matokeo yake si ya vitabuni tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2013, katika kijiji cha Chela, wenye mamlaka waliuondoa mnara wa msikiti kwa nguvu, wanakijiji wakipinga. Mwaka 2014, mjini Kobuleti, katika Adjara ile ile, watu waliopinga bweni la wanafunzi wa Kiislamu walichinja nguruwe mbele yake na kukipigilia kichwa chake mlangoni. Walisema kwamba wanailinda Georgia. Davit Mjenzi, anayelala chini ya lango la Gelati, alikuwa ameliamua shauri la nguruwe karibu miaka mia tisa kabla yao, tena katika mji alioushinda kwa vita. Nao walijiita watoto wake. Mjini Batumi, Waislamu walioomba kibali cha kujenga msikiti wa pili walinyimwa na baraza la mji mwaka 2017, na Ijumaa nyingi wamesali nje, juu ya kiwanja walichokinunua wenyewe, wakiamkiana kwa lugha ya Ioane-Zosime.

Mwaka 2006 ilipigwa chapa mjini Tbilisi Kurani iliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiarabu kwenda Kigeorgia, pamoja na maelezo, kazi ya mwanazuoni Giorgi Lobzhanidze. Hakuwa mtawa, na hakuifanya kazi hiyo Athos. Lakini mtu akitaka kujua ile kazi ya usiku ya Ekvtime na Giorgi iliendelea wapi, na akitafute kitabu hicho.